Chungu cha Chokoleti Chini ya Puto

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kwenye mashine ya kusaga ananiuliza swali lile lile: "Zena, huko juu kulikuwaje?" Mimi hujibu, "Kulikuwa kuzuri," kisha nainama kufunga mfuko wangu wa unga. Juzi Keji, anayekuja kutoka Lobule kwa baiskeli, alikasirika kabisa. "Wewe umepanda juu kama ndege, halafu unatupa neno moja?" Basi naandika, maana karatasi hainiangalii usoni. Nyumbani kwetu tunasema Kinubi, lakini nitaandika Kiswahili ili nyote msome.

Kwanza mjue kwamba sikwenda kutembea tu. Baba alishasema kwamba nisipopata kazi kabla ya mvua, naenda Juba kwa mjomba, kuosha vyombo hotelini kwake. Sikutaka Juba. Nilitaka duka la Shangazi Mariamu, dada yake baba, anayeuza keki na mikate Arua mjini. Safari ile ndiyo ilikuwa mtihani wangu.

Koboko, jikoni

Rashidi, mtoto wa Shangazi, anafanya kazi Uturuki. Alipokuja likizo alileta gunia dogo la hezelinati, njugu za kule, duara na ngumu kama shanga kubwa. Alisema pia kwamba kule kila asubuhi anaona maputo makubwa yakibeba watu angani, na kwamba hata kwetu Uganda yapo, kwenye mbuga ng'ambo ya Nile. Akataka mama yake na bibi yetu wapande. Mimi niliongezwa kwa sababu ya njugu.

Shangazi alinipigia simu mwenyewe. "Zena, nasikia unajua kutengeneza vitu vitamu. Tengeneza chokoleti na hizo njugu. Lakini sitaonja jikoni. Jikoni kila kitu ni kitamu. Wateja wangu wananunua asubuhi, wanapanda basi la Kampala au gari la Juba, wanakula kesho yake. Nitaonja baada ya puto, siku ya tatu ya njia. Zikifika nzuri, unaanza kazi."

Nilikaanga hezelinati kama tunavyokaanga karanga, nikazisugua kwa kitambaa hadi maganda yakatoka, nikazipepeta uani. Nusu nilizitwanga mpaka zikatoa mafuta, nikachanganya na kakao, sukari na siagi. Nikaviringisha, kila moja ikiwa na njugu nzima katikati, nikazichovya kwenye chokoleti iliyoyeyuka. Zilipokauka nilizifunga moja moja kwa karatasi.

Joto la kwetu mnalijua. Nilichukua chungu kidogo, nikakiweka ndani ya chungu kikubwa, nikajaza mchanga wenye maji katikati, na juu nikaweka kifuniko na gunia lililolowa. Chokoleti zikalala humo tabaka tatu.

Haboba, yaani bibi yetu, mama yake Shangazi na baba, akaja kuchungulia.

"Iko mingi," akasema. "Vizuri. Njiani tutakutana na watu."

"Haboba, hizi ni za Shangazi."

"Shangazi yako iko mutu moja."

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Wanaomjua Haboba wanajua. Kwake yeye, chakula hakipiti mbele ya mtu bila mtu huyo kuonja. Akitafuna karanga mlangoni, mpita njia lazima asimame apokee. Mwezi wa Ramadhani sinia lake la futari huzunguka mtaa mzima, na sisi wa nyumbani hubaki tukikwangua sufuria. Wanubi wote tumelelewa hivyo, lakini yeye amezidi.

Koboko hadi Arua

Rashidi alikuja kutuchukua kwa gari la mama yake. Alifunua chungu, akafungua karatasi moja, akacheka. "Zena, umetubebea mavi ya mbuzi?"

"Funga, joto linaingia," nikasema, lakini kwa sauti ndogo, na nadhani hakusikia.

Barabara ni ya lami na tungefika upesi, lakini mbele yetu lori la vitunguu lilikuwa limelala ubavu, na magari yamesimama pande zote. Tulikaa juani. Kila baada ya muda nilinyunyizia gunia maji ya kunywa. Rashidi aliposhuka kwenda kuangalia, Haboba naye akashuka. Niligeuka kuokota kifuniko cha chupa. Nilipoinua kichwa, mkono wake ulikuwa ndani ya chungu kupitia dirishani.

Alikuwa anampa dereva wa lori jingine, Msudani mrefu aliyefunga kitambaa kichwani. Yule mtu alifungua karatasi, akaangalia kile kitu cheusi, akaangalia chungu na gunia lenye maji.

"Hajja, hii dawa ya nini?"

"Ya njia," Haboba akasema. Alitaka kusema ni chakula cha safari.

Dereva akaitikia kwa kichwa, akaomba maji, akaimeza nzima kama kidonge cha malaria. Macho yakamtoka. Akakohoa, akashika kifua, na mimi nikadhani tumeua mtu. Ilipopita alimshukuru Haboba sana na kusema anaisikia tayari inafanya kazi. Kisha akawaita wenzake wawili, nao wakapewa. Wale walitafuna.

Tulipofika Arua tabaka la juu lilikuwa na mashimo.

Kuluva

Tulilala kwa Shangazi, chini ya Arua Hill. Shangazi ni mtu mkubwa wa mwili na wa maneno. Alikitazama chungu bila kukigusa. "Sitaki kujua kilicho ndani," akasema. "Utanionyesha huko." Nilimwandalia chai na sikuweza kunywa yangu.

Asubuhi tuliondoka wanne. Hatukwenda mbali. Kuluva Haboba akasema tusimame, kuna rafiki yake wa ujana amelazwa hospitali, na haiwezekani kupita bila kumsalimu.

"Mama, tutachelewa," Shangazi akasema.

"Puto iko na mabawa? Itakimbia?"

Nilibaki kwenye gari nikilinda chungu. Haboba akarudi baada ya muda mrefu, akaomba nimsindikize msalani. Nilimsindikiza. Tuliporudi akasema amesahau fimbo kwa mgonjwa, nikakimbia kuifuata. Ni mimi peke yangu ambaye singeona ujanja huo: tulipokuwa msalani, Rashidi alikuwa ametumwa wodini na chokoleti. Nilipofika wodini, mama zetu waliokuwa wakiuguza wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakikunja karatasi zangu. Mmoja alinishika mkono. "Ndiyo wewe mpishi? Mungu akupe mume." Nikainamisha uso na kuchukua fimbo.

Rashidi alisema tabaka mbili zimebaki. Nilimwambia ni moja na nusu.

Nebbi, Pakwach na getini

Baada ya Nebbi tairi ilipasuka. Wakati Rashidi na fundi mmoja wa kijijini wakihangaika na jeki, Shangazi alinunua muhogo wa kuchoma na tukala tumesimama. Nilikaa juu ya kifuniko cha chungu. Nilikikalia kweli, kama kigoda. Haboba alinitazama kwa huruma.

"Binti yangu, unaumwa?"

"Hapana, Haboba."

"Basi simama, tumpe huyu fundi. Anatoka jasho."

Shangazi aligeuka. "Mama, fundi atalipwa."

"Kulipwa iko kulipwa. Kula iko kula."

Nilisimama. Nisingeweza kukaa wakati bibi yangu amenyoosha mkono. Fundi alikula, akasema kwao hakuna njugu kama hizo, akaomba ya mke wake.

Pakwach tulikula samaki, angara, wa kukaanga, wenye miiba mingi mpaka mtu hawezi kuongea. Nilishukuru kimya hicho. Kisha tukavuka daraja. Maji ya Nile chini yalikuwa mapana na yenye rangi ya chai ya maziwa. Rashidi alituonyesha tembo kando ya barabara, lakini mimi nilikuwa nanusa gunia kujua kama chokoleti imeanza kutoa mafuta.

Getini askari wa mbuga alikagua gari. Alipoona chungu kimefunikwa gunia lenye maji, uso wake ukabadilika.

"Mama, hii iko waragi?"

Haboba alijinyoosha ndani ya mtandio wake mweupe. "Mimi nimekwenda Makka. Pombe ya wapi?"

"Chungu namna hii mimi najua. Fungua."

Nilifungua. Askari akainama, akanusa, akachanganyikiwa. Haboba akamwekea moja mkononi, na nyingine kwa mwenzake aliyekuwa kivulini, na nyingine kwa yule aliyeshika kamba ya geti. Askari alitafuna akiwa amefumba macho. "Pita, Mama," akasema. "Samahani, Mama."

Nilimwona Shangazi kwenye kioo akiniangalia. Alikuwa ananipima. Nilidhani nimeshindwa tayari kwa kutoweza kulinda chungu kimoja. Tulilala kwenye nyumba ya wageni karibu na geti, na mimi nililala nimekikumbatia.

Kabla ya kupanda

Baada ya swala ya alfajiri walitupeleka uwanjani. Puto lilikuwa limelala kwenye nyasi kama hema la harusi lililoangushwa na upepo, refu kuliko msikiti wetu. Vijana wanne walikuwa wakilivuta kwa kamba huku feni kubwa ikilipulizia. Kisha rubani akawasha moto wa gesi. Ulinguruma kiasi kwamba Shangazi, ambaye hajawahi kuogopa mtu mbele yangu, alinishika bega na kusoma dua.

Rubani alikuwa Mkenya mwembamba mwenye sauti ya mwalimu. Alituonyesha namna ya kukaa wakati wa kutua. "Mchuchumae hivi, magoti yakunjwe, mshike kamba hizi kwa nguvu. Kikapu kinaweza kulala ubavu. Msishtuke."

Sote tukachuchumaa. Haboba hakuweza. Siku hizi anaswali akiwa juu ya kiti.

"Samahani, Mama," rubani akasema. "Nisingependa uumie."

Nilidhani atalia. Yeye akawageukia wale vijana. "Basi mimi nakaa na hawa. Gari yao inafuata nyinyi?"

"Ndiyo. Litafuata chini mpaka tutakapotua."

"Vizuri sana."

Kisha rubani akanionyesha kidole. "Na hicho chungu, dada, hakipandi."

Niliangalia kila upande. Hapakuwa na mahali pengine. Nilikipeleka kwenye gari la vijana, nikakiweka miguuni pa Haboba, nikapiga magoti mbele yake.

"Haboba, nakuomba. Limebaki tabaka la chini tu. Ni la Shangazi. Kama hakuna, mimi naenda Juba."

"Nimesikia, binti yangu."

"Usiwape watu."

Aliniangalia kama nimemwambia asiswali. "Nimesikia," akasema tena.

Juu

Mliniuliza kama mtu anasikia kizunguzungu. Hapana. Hatukusikia hata tukiondoka. Ardhi ndiyo iliyoanza kwenda chini. Ghafla miti ikawa vichaka, na twiga wakawa kitu unachokiona mgongo tu kutoka juu, jambo ambalo sikuwahi kufikiri. Kivuli cha puto kilitambaa kwenye nyasi na swala wakakikimbia. Mbali Nile ilijigawa na kuingia ziwani. Rashidi alipiga picha. Shangazi, mikono yake ikiwa bado imeganda kwenye ukingo wa kikapu, aliniambia taratibu, "Subhanallah. Baba yako angeona."

Mimi nilikuwa natafuta gari.

Nililiona, dogo kama kiberiti, likifuata barabara nyekundu na vumbi nyuma yake. Nilitulia. Kisha vumbi likaisha. Gari lilikuwa limesimama. Milango ikafunguka, watu wanne wakatoka, na wa tano akateremshwa polepole, mweupe kichwani. Walikuwa wanangoja waone upepo utatuchukua upande gani, rubani alitueleza baadaye. Wakati ule sikujua. Niliona tu nukta nyeupe ikikaa chini, na nukta nne nyeusi zikija kuizunguka, karibu, karibu zaidi, kama kuku kwenye pumba.

Rubani alikuwa amezima moto. Kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia. Ndege wa chini tuliwasikia kama wako nasi kikapuni. Na katika kimya hicho mimi, ambaye mnaniambia kila siku niongeze sauti, nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Haboba! Usiwape!"

Swala waliinua vichwa. Rashidi aliachia simu, ikabaki ikining'inia kwa kamba yake. Chini kule nukta nyeupe ilisimama, ikanyoosha mikono yote miwili, ikapunga. Kisha kikatufikia kigelegele, chembamba, kirefu, cha furaha. Alidhani namsalimu.

Alipomaliza akakaa, na zile nukta nne zikainama tena.

"Zena," Shangazi akasema. "Hiyo sauti iko siku zote, au umeipata leo?"

Mimi nilikuwa bado nazikodolea zile nukta.

"Asiwape nini?"

"Chokoleti, Shangazi."

Alichungulia chini. "Zimekwisha," akasema.

"Labda bado kidogo."

"Mimi iko mtoto wake. Zimekwisha."

Rashidi alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Chini

Tulitua kwa kishindo, tukaruka, tukatua tena, na kikapu kikaburuzwa kwenye nyasi hadi kikalala. Nilikuwa nimeshika kamba na kumshika Shangazi pia, au yeye ndiye aliyenishika. Tulitambaa nje kama wanaotoka shimoni. Gari likafika likipiga honi. Vijana waliruka kuliwahi puto, na kila mmoja aliyecheka alionyesha meno ya kahawia.

Haboba akateremshwa, akaja na fimbo yake.

"Mmerudi salama, alhamdulillahi. Hawa vijana, mnajua, hawajakunywa chai tangu waamke. Wanakimbia porini kuwatafuta nyinyi. Mimi nikae na chakula kwenye miguu, niwaangalie?"

Nilifungua chungu. Kulikuwa na karatasi, zimekunjwa vizuri.

Shangazi alipumua kwa pua. "Basi," akasema. "Mimi siweki dukani kitu sijaonja. Pole, Zena. Si kosa lako, lakini iko hivyo."

Mmoja wa wale vijana, mrefu, aliyekuwa akikunja kamba karibu nasi, alisikia. Akasimama. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati na kutoa chokoleti moja, bado ndani ya karatasi, nzima.

"Iko moja, Mama," akamwambia Shangazi. "Nilikuwa naweka kwa mtoto yangu ya kike. Lakini kama iko na shida, chukua."

Shangazi akanyoosha mkono. Niliitazama ile chokoleti. Ilikuwa imepita njia yote kutoka Koboko, foleni, tairi, geti, na haikuwa imeyeyuka. Ilikuwa pale, kwenye kiganja, kazi yangu yote. Ningenyamaza tu, ingefika kwa Shangazi.

"Hapana," nikasema. "Weka. Ni ya mtoto."

Mkono wa Shangazi ukabaki hewani. "Zena. Unajua unafanya nini?"

"Najua, Shangazi. Uje Koboko Ijumaa, baada ya swala. Nitatengeneza nyingine. Uonje, halafu nyingine uziweke kwenye gari lako uzunguke nazo juani mpaka uridhike."

Kijana yule aliirudisha mfukoni haraka, kabla watu hawajabadili mawazo.

"Sikilizeni huyu," Shangazi akasema. "Ananiita mimi. Mtu anatafuta kazi kwangu, halafu mimi ndiyo nasafiri kumfuata!"

Haboba akagonga fimbo chini. "Mariamu. Huyu hakuiti kazini. Anakuita kula. Mutu akiitwa kula, anasema nini?"

Shangazi akashusha mkono wake. Alilelewa nyumba ile ile. Aliangalia puto likitoa hewa, aliangalia mama yake, aliniangalia mimi.

"Nasema asante," akajibu, kama mtoto.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na jambo. Tairi ilivumilia. Chungu kilikuwa kitupu, na bado nilikibeba katikati ya miguu, nikihesabu siku hadi Ijumaa, maana sasa nilikuwa nimejiwekea siku mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ijumaa hiyo, tangu asubuhi, nilikaanga njugu zilizobaki kwenye gunia la Rashidi. Watu walipotoka msikitini nilikuwa bado nafunga chokoleti kwa karatasi. Gari likasimama nje. Shangazi akaingia uani, hakusalimia mtu, hakukaa. Alikuwa amebeba sufuria mpya, kubwa ya biashara, ambayo mtu mmoja hawezi kuinyanyua ikijaa. Akaiweka chini mbele ya jiko langu, kisha ndipo akanyoosha mkono aonje.

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Aliitazama ile sufuria, akanitazama mimi, akatoa simu na kwenda nyuma ya nyumba kumwambia mjomba wa Juba asinisubiri.